Watsonian na Ufundi wa Vigari vya Ubavuni

Kampuni ya Watsonian ya Uingereza, ambayo hutengeneza vigari vya ubavuni, yaani vibebeo vya gurudumu moja vinavyofungwa kando ya pikipiki ili kuchukua abiria au mzigo, ilianzishwa mjini Birmingham mwaka 1912, na baada ya kuungana na kampuni ya Squire mwaka 1988 ilijulikana kwa karakana yake ya kijiji cha Blockley, Gloucestershire. Kudumu kwa kampuni ndogo kiasi hicho, katika biashara ambayo karibu washindani wake wote wakubwa waliiacha, hakuelezeki kwa uzuri wa vigari vyake pekee. Sababu iliyo nzito zaidi imo katika kazi isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni kukiunga kigari na pikipiki.

Mwasisi wake, Fred Watson, alibuni chesisi inayokunjika kwa sababu njia ya kuingilia uani kwake ilikuwa nyembamba mno kwa pikipiki yenye kigari. Nyakati hizo chombo hiki kilikuwa usafiri wa familia ambazo hazikuweza kununua gari, na mahitaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni ya Swallow, iliyoanza Blackpool mwaka 1922 kwa kutengeneza vigari hivyo hivyo, ilipata msingi wa kuingia katika utengenezaji wa magari na hatimaye kuwa Jaguar. Tawi la vigari la Swallow liliuzwa, na mwaka 1956 likaangukia mikononi mwa Watsonian. Miaka mitatu baadaye gari dogo la Mini liliingia sokoni, na baba mwenye watoto wawili hakuwa tena na sababu ya kuwapitisha kwenye mvua kwa pikipiki.

Ugumu wa ufundi wenyewe unastahili kuelezwa kwa kirefu. Pikipiki ya kawaida hulala upande inapokata kona, lakini ikishafungwa kigari haiwezi tena kulala, hivyo dereva hulazimika kuigeuza kwa nguvu za mikono kwenye usukani. Zaidi ya hayo, chombo hakina ulinganifu: kigari kikiwa kushoto, dereva akiongeza mwendo chombo huvutwa kushoto, kwa kuwa uzito wa kigari hubaki nyuma, akifunga breki za pikipiki peke yake huvutwa kulia, kwa kuwa uzito huo huo husukuma mbele, na kwenye kona kali ya kushoto gurudumu la kigari, likiwa halina mzigo, huweza kuinuka kabisa. Fundi hupunguza matatizo haya kwa vipimo vitatu: huelekeza gurudumu la kigari ndani kidogo kwa upande wa mbele, huinamisha pikipiki nje kidogo kutoka kwa kigari, na huweka ekseli ya kigari mbele ya ile ya gurudumu la nyuma la pikipiki. Vipimo hivyo hubadilika kulingana na uzito, springi na matairi ya kila pikipiki, na ndiyo maana kiwanda kikubwa hakiwezi kuvigandisha mara moja na kuvirudia maelfu kwa maelfu. Pikipiki za kisasa zimeongeza kazi, kwani nyingi hazina tena fremu ya mabomba ambayo vishikizo vya kigari vingeweza kubana, hivyo fundi huunda kwanza fremu saidizi ya chuma inayofuata umbo la pikipiki husika.

Ubora wa ufundi huo ulithibitishwa hadharani na Eric Oliver, bingwa wa dunia wa mbio za vigari wa miaka 1949, 1950, 1951 na 1953, aliyetumia vigari vya Watsonian. Mwaka 1958 alirudi kwenye mashindano ya Isle of Man akiwa na pikipiki ya Norton iliyofungwa kigari cha Watsonian aina ya Monaco, cha kutembelea na si cha mbio, na mama mmoja, Pat Wise, akiwa ameketi ndani yake kama abiria wa kawaida, na wakamaliza katika nafasi ya kumi. Tendo hilo lina uzito zaidi kuliko mataji yote manne, kwa kuwa kilichopimwa ni bidhaa ile ile aliyoweza kununua seremala au karani.

Barani Afrika chombo hiki kimepata kazi ya maana zaidi kuliko starehe. Utafiti uliofanywa wilayani Mangochi, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2008, ulichunguza pikipiki za wagonjwa zilizowekwa katika vituo 3 vya afya vya vijijini ili kuwapeleka hospitalini wajawazito wenye matatizo ya uzazi, na ukaonyesha kwamba ucheleweshaji ulipungua kwa saa 2 hadi 4.5, huku bei ya pikipiki moja ikiwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Kwenye njia za vumbi na mashimo, mjamzito anayesafirishwa hivyo hutegemea vipimo vile vile vitatu vya fundi.