Ndege Aliyepewa Jina la Wanakijiji

Ndugu msomaji, je, umewahi kusikia ndege aliyepewa jina la kabila? Yupo ndege wa namna hiyo. Anaishi nchini India, katika misitu ya milima ya Himalaya. Milima hiyo ni mirefu kuliko yote duniani.

Mashariki ya milima hiyo liko jimbo la Arunachal Pradesh. Huko wanaishi Wabugun. Hao ni kabila dogo la wakulima.

Mwezi wa Januari, 1995, Bwana Ramana Athreya alitembelea misitu ya huko. Yeye ni mtaalamu wa nyota, lakini anapenda sana ndege. Siku hiyo alimwona ndege asiyemjua. Alipekua vitabu, asimpate.

Bwana Athreya hakukata tamaa. Alirudi tena na tena. Mwaka 2006 alimnasa ndege huyo kwa wavu. Ni mdogo, mfupi kuliko rula ya mwanafunzi. Kichwani ana kofia nyeusi. Mabawa yake yana rangi nyekundu, njano na nyeupe. Sauti yake ni kama filimbi.

Kwa desturi, wataalamu wakipata ndege mpya humwua mmoja, wakamhifadhi kwa uchunguzi. Bwana Athreya alikataa. Aliona ndege hao ni wachache mno. Alipiga picha, akachukua manyoya machache, kisha akamwachia aruke. Jina alilompa ni la Wabugun, wenye msitu ule.

Watu waliowatafuta ndege hao wamewakuta 14 hadi 20 tu. Hawajaonekana kwa hakika mahali pengine popote duniani. Msitu ule ukifyekwa au ukiungua, watakwenda wapi?

Wabugun walilitazama jambo hilo. Msitu ulikuwa wao, na uamuzi ulikuwa wao. Mwaka 2017 msitu wa kijiji cha Singchung ulitangazwa kuwa hifadhi ya wanakijiji. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 17, yaani eka 4,200 hivi. Vijana wa kijiji huulinda. Hupita humo kuzuia ukataji miti na uwindaji.

Wengine watauliza, "Ndege mdogo hivyo ana faida gani?" Swali hilo nami huulizwa mara nyingi katika kazi yangu ya ubwana shamba. Wabugun wanalo jibu. Wageni hutoka mbali kuja kumtazama. Hulipia malazi, chakula na waongozaji. Kumbe mti uliosimama nao huleta fedha! Tena msitu huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na hutunza maji ya mito.

Ndugu msomaji, msitu ulio karibu nawe una ndege gani? Kesho asubuhi watazame pamoja na watoto wako. Waulize wazee majina yao. Kisha yaandike, maana sasa unajua kuandika.