Teria: Mbwa Mdogo, Adui Mkubwa wa Panya

Mtu apitaye Kisenyi, mjini Kampala, huisikia ngurumo ya vinu vya mahindi kabla hajaviona. Palipo na magunia ya nafaka panya naye hakosekani, na wenye maghala wengi humtegemea paka au sumu. Yuko mtumishi wa tatu asiyetajwa sana: mbwa wa aina ya teria.

Jina lake lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwani mababu zake walizalishwa Uingereza kwa kazi ya kuingia mashimoni. Ajulikanaye zaidi ni Jack Russell. Mwaka 1819 John Russell, mwanafunzi wa Oxford ambaye baadaye alikuwa kasisi huko Devon, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike aliyeitwa Trump, na kutokana naye akazalisha mbwa wa kuwatoa mbweha mapangoni. Kimo chake begani ni kama sentimita 25 hadi 30, uzito wake kilo 5 au 6, naye ni mweupe mwenye mabaka meusi au ya kahawia. Kifua chake chaweza kuzungukwa kwa viganja viwili.

Paka humchezea panya. Teria humkamata, humtikisa kwa nguvu, humwacha amekufa na kumgeukia mwingine. Lakini ndugu msomaji, usidanganyike na udogo wake. Asipopewa kazi hujitafutia: atachimba chini ya ua, atabweka usiku kucha, atawaua kuku wa jirani. Yampasa kukimbia walau saa moja kila siku. Askari aliyezoea mbio za alfajiri amekwisha pata mwenzi. Bali afungwaye mnyororo mchana kutwa huwa mkali, hata kwa watoto wa nyumbani.

Jirani yangu mmoja mwenye ghala Kisenyi alikuwa naye teria hodari, lakini kwa kutaka uhakika zaidi akatega na sumu pembeni. Siku ya nne mbwa akatokwa damu puani. Jirani alidhani amepigwa teke na wapakiaji, akangoja. Sumu nyingi za panya huizuia damu isigande, na dalili huchelewa siku tatu hadi tano baada ya mbwa kula sumu yenyewe, au panya aliyeila. Dawa ipo, nayo ni vitamini K1, ila daktari wa mifugo hana budi kuitwa mapema. Mbwa yule alikufa njiani. Basi mwenye nyumba achague mbwa au sumu. Viwili hivyo havikai pamoja.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari aelekezavyo. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kukawia, maana dalili za kichaa zikishaonekana ni nadra mtu kupona. Na kwa kuwa mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospira, mwulize daktari chanjo yake pia. Kupe watafutwe masikioni na katikati ya vidole. Posho na dagaa humfaa. Vitunguu na mifupa iliyopikwa, la.

Kisenyi wanakaa Waislamu wengi, na wengi wao hawapendi mate ya mbwa yawaguse, ingawa dini yao imeruhusu mbwa wa uwindaji na ulinzi. Kwa hiyo mbwa abaki uani kwako, na chombo chake kiwe chake peke yake.

Teria hutimiza miaka 13 na zaidi: mtoto aanzaye darasa la kwanza leo aweza kumaliza kidato cha sita mbwa angali hai. Jirani yangu amepata mwingine, ana miezi minne. Sumu ameiondoa ghalani yote, hata ile aliyokuwa ameisahau nyuma ya kinu.