Ukoka: Nyasi Inayoamshwa kwa Kukatwa

Je, wajua kwamba zulia la kijani ambalo wachezaji gofu hulipa ili walikanyage ni ndugu wa damu wa gugu ambalo mama zetu wa Mbooni na Mutito, huku Ukambani nchini Kenya, huling'oa shambani na kulitupa njiani likaushwe na jua?

Mimi nilijua siku nilipocheza raundi yangu ya kwanza kamili katika uwanja wa gofu wa Machakos, chini ya milima ya Iveti. Kwa sisi wa Mbooni, uwanja wa karibu ni huo. Ukungu ulikuwa bado umekalia vilele, na umande ulikuwa mzito hata kila mpira ukaacha mstari mweusi nyuma yake. Aliyenibebea fimbo alikuwa mzee mmoja wa kutoka Kilungu. Tulipofika kwenye grini, ile sehemu ya shimo ambayo nyasi zake hunyolewa karibu kabisa na ardhi, niliutazama mteremko, nikajiweka tayari kupiga.

"Kijana, usisome mlima peke yake," akasema. "Soma nyasi zimelala upande gani."

Akanionyesha. Ukisimama nyuma ya mpira ukaona nyasi zinang'aa, ujue zimekupa mgongo: mpira utateleza uende mbali kuliko ulivyokusudia. Ukiziona zimekolea rangi, zimekutazama usoni, na mpira utakwaruzwa njia nzima mpaka uchoke. Zikilala ubavuni, huuvuta mpira kando hata pale ambapo ardhi ni tambarare. Kisha akainama ukingoni mwa grini, akavuta kishina kirefu kilichokuwa kimetambaa, chenye vifundo kama vya muwa mdogo.

"Hii si ni ikoka, mzee?" nikamuuliza.

"Ni ikoka. Hapa tunailisha, nyumbani tunailaani."

Ikoka ni jina la Kikamba; kwa Kiswahili ni ukoka, na wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Cynodon ni jino la mbwa, kwa ajili ya magamba magumu yaliyochongoka kwenye vishina vyake vya chini ya ardhi. Dactylon ni kidole, kwa ajili ya masuke yake membamba yanayotandazwa kama kiganja kilichofunguliwa. Sura yake haina haja ya maelezo zaidi: kila aliyeshika jembe Kitui au Makueni anaufahamu kwa maumivu ya mgongo.

Linaloniudhi ni imani kwamba nyasi za gofu zililetwa na Wazungu pamoja na fimbo na mipira. Wauzaji wa nyasi za bustani huuita ukoka "Bermuda", kwa jina la visiwa vya mbali katika bahari ya Atlantiki, na mnunuzi hulipa akiamini amepata kitu cha ng'ambo. Ukoka haukutoka Bermuda. Ni mmea wa asili wa nchi za joto za Dunia ya Kale, Afrika ikiwemo, na ndugu zake kadhaa ni wa hapa hapa Afrika Mashariki. Vivyo hivyo nyasi ya kikuyu, ambayo ni mzaliwa wa nyanda zetu za juu: imevuka bahari na leo ndiyo iliyofunika uwanja mashuhuri wa Riviera kule Los Angeles, ambako mabingwa wa dunia huhangaika kuutoa mpira ndani yake. Tumeipa dunia zulia, kisha tunauziwa kwa jina la kigeni.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Siri yote ya ukoka imo ndani ya kifundo.

Mmea huu husafiri kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Juu ya ardhi hutuma vishina vinavyotambaa, na chini ya ardhi hutuma vingine vyeupe, vigumu, vilivyojaa wanga wa akiba. Kila kifundo kwenye vishina hivyo, cha juu au cha chini, kina jicho, kama jicho la muwa au la kiazi. Macho mengi yamelala, na kinachoyalaza ni ncha ya kishina. Ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hutiririka kurudi nyuma na kuyatuliza macho yasichipue. Maadamu ncha ingali hai, ndiyo inayotawala: kishina huenda mbele tu, na macho hungoja.

Kata ncha. Homoni inakoma kutiririka, macho yanafunguka. Kifundo kinatoa mizizi chini na majani juu, na kishina kilichokuwa kimoja kinakuwa matawi mengi.

Hapo ndipo mkulima anapopata hasara. Anapopiga jembe katika shamba lenye ukoka, hukata kishina kimoja vipande 10. Kila kipande kina kifundo, kila kifundo kina jicho, na kila jicho lina wanga wa kuanzia maisha. Mvua ya kwanza ikinyesha, mimea 10 imesimama palipokuwa na mmoja. Jembe halikuua ukoka, liliupanda. Ndiyo maana wanaoujua vizuri huulima wakati wa kiangazi kikali, wakauchambua kwa mkono na kuuanika juani, na kamwe hawaulimi ardhi ikiwa na unyevu.

Na hapo hapo ndipo mtunza uwanja wa gofu anapopata faida. Mashine yake hupita juu ya grini karibu kila siku na kuacha nyasi zenye urefu wa milimita 3 hadi 5. Kila inapopita inakata ncha za vishina vilivyoinuka, na kila ncha inayokatwa inaamsha macho ya pembeni. Nyasi zinabanana mpaka hapana nafasi ya gugu jingine kupenya. Mashine na jembe vinafanya kazi moja, tena juu ya mmea mmoja. Mkulima analia na mtunza uwanja anasifiwa, ilhali ukoka wenyewe haukubadilika hata kidogo.

Huenda ukajiuliza mbona haufi kwa kunyolewa hivyo. Kata mche wa maharagwe chini ya majani yake ya kwanza, umekwisha, kwa sababu sehemu yake ya kukua iko juu. Jani la nyasi hukua kutoka chini, kama kucha inavyosukumwa na shina lake, na sehemu inayozalisha majani mapya imejificha usawa wa udongo, ambako kisu hakifiki. Ukoka haukujifunza hayo kwa ajili ya gofu. Kabla ya mashine yalikuwako meno: ya pundamilia, ya nyumbu, ya kiboko atokaye mtoni usiku. Nyasi zilizoweza kuliwa bila kufa ndizo zilizobaki.

Jua kali nalo una dawa yake. Kama mahindi na mtama, ukoka una namna ya kukusanya hewa ya kaboni na kuirundika ndani ya seli maalumu za jani, hivyo hauhitaji kuyafungua sana matundu ya majani na kupoteza maji. Kiangazi kikizidi, huyaacha majani yafe na kurudi chini kwenye akiba yake. Ukipita Kibwezi mwezi wa Septemba utaapa kwamba umekufa. Pita tena Novemba, baada ya mvua za vuli, zile ambazo Kitui na Makueni huzitegemea kuliko za masika, uone ulivyofufuka.

Wataalamu wa nyasi waliuongezea jambo moja la ajabu. Huko Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, mtafiti wa nyasi Glenn Burton aliuzalisha ukoka wa kawaida na binamu yake mwembamba wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis. Ukoka wa kawaida aliotumia una kromosomu 36, na binamu ana 18. Mtoto wao akapata 27, hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kama baghala azaliwaye na punda na farasi, mtoto huyo ana afya na nguvu lakini hazai: hatoi mbegu hata moja inayoota. Aina iliyoitwa Tifgreen ilitolewa mwaka 1956, na mwaka 1965 ikafuata Tifdwarf, ambayo ni kipande cha Tifgreen kilichojibadilisha chenyewe kikawa kifupi zaidi. Kwa kuwa hazina mbegu, husambazwa kwa vipande, kama tunavyopanda mihogo na marando ya viazi vitamu. Kwa hiyo grini za Tifgreen za mabara mbalimbali, kwa hesabu ya mimea, ni mmea mmoja uliokatwakatwa tangu 1956 na ambao bado haujamaliza kuamka.

Baada ya kujua haya, nikitazama makorongo yetu, ambayo ukoka ungeweza kuyaziba, nasikitika.

Ukambani una historia ndefu ya udongo unaokimbia. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kuhifadhi udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti nzito kuhusu mmomonyoko katika eneo la Wakamba. Jibu la serikali lilikuwa kunyang'anya watu ng'ombe, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwa maelfu hadi Nairobi kupinga, jambo lililomfanya ahamishiwe Lamu. Udongo haukuponywa kwa amri hiyo. Uliponywa na wakulima wenyewe kwa matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba katika Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, watu waliongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulipungua. Wale wazee na akina mama wa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, ni wahandisi, na hatujawaheshimu vya kutosha.

Lakini kazi haikuisha. Matuta yamelinda mashamba. Njia za maji, kando za barabara na viwanja vya shule vimeachwa uchi. Shule nyingi nilizopita kati ya miji ya Wote na Kitui zina kiwanja chekundu kilichofagiliwa mpaka kikang'aa, kana kwamba udongo mtupu ndio usafi. Mvua ikinyesha, kiwanja chote kinateremka mtoni. Watoto wanachuna magoti kwa changarawe huku nyasi inayostahimili kukanyagwa kuliko karibu zote duniani ikikauka juu ya ua, ilikotupwa na mwenye shamba.

Mito nayo inalia. Mchanga wa Thwake na Kaiti umebebwa kwa malori mpaka kingo zikaporomoka, na Makueni ikalazimika kutunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Ilikuwa hatua njema, ila sheria haishiki udongo. Mizizi ndiyo inayoushika. Ukoka unapenda ukingo wa mto. Mafuriko yakiufunika kwa mchanga, hupanda juu kifundo kwa kifundo, na kila kifundo kilichozikwa kinakuwa msumari. Kitui, ambako mabwawa ya mchanga, yanayohifadhi maji ndani ya mchanga wa mto, yamejengwa kwa mamia tangu miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SASOL, kila ukuta wa bwawa ungefaa kuwa na ubavu wa nyasi pande zote mbili.

Sisemi upandwe katikati ya mahindi na pojo. Huko ni mwizi, na mama aliyeung'oa alikuwa na haki. Wala sisemi tuige viwanja vinavyomwagiliwa maji usiku kucha ilhali watu wanabeba mitungi. Viwanja vingi vya zamani vya gofu katika bara letu havikuwa na grini za nyasi. Vilikuwa na mchanga uliotiwa oili chakavu, kwa sababu maji yalikuwa ghali. Busara hiyo ni njema. Ukoka wa kienyeji usiomwagiliwa utakuwa wa kahawia miezi kadhaa, na hapana aibu katika rangi ya kahawia. Aibu ni wekundu wa udongo ulio wazi.

Matumizi yake mengine ni mengi: malisho ya mbuzi, ng'ombe, kondoo na sungura, viwanja vya mpira, nyua za nyumba, kingo za mabwawa na kando za reli. Maji yake yaliyokamuliwa hutumiwa na wengi kwa vidonda, na Wahindu humtolea mungu wao Ganesha sadaka ya majani yake.

Nilipokuwa mwanafunzi, adhabu ya kuchelewa ilikuwa kung'oa ukoka katika shamba la shule. Tuliujaza magunia tukaumwaga nyuma ya vyoo, kwenye mdomo wa korongo lililokuwa likiukaribia ukuta mwaka baada ya mwaka. Tulikuwa tumeukatakata kwa majembe, kwa hiyo, bila kujua, tulikuwa tumeuamsha. Nilirudi pale miaka mingi baadaye. Korongo limesimama palepale tulipoliacha, mdomo wake umefungwa kwa ukoka mzito, na mbuzi watatu walikuwa wakiunyoa.