Mashine Inakojoa, Mbona Inalia?

Umepita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakiwa yameanza kupwa. Ukifika penye kina unaongeza moto. Ghafla king'ora kinalia mfululizo, mashine inalegea, boti inatambaa. Hapo kila abiria huwa fundi. Tuyapime wanayosema.

"Petroli mbovu hiyo, nguvu zimekwisha." Mara nyingi si kweli. Mashine nyingi za kisasa zikizidiwa na joto hujipunguza zenyewe. Yamaha nyingi hushuka hadi kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Nguvu hazikupotea, zimezuiwa. Ila oili ikipungua pia king'ora hulia, kwa hiyo tazama ni taa gani imewaka kabla ya kulaumu maji ya kupoza. Kisha zima, inua mashine, angalia matundu ya kuvutia maji chini: huenda mfuko wa nailoni umejibandika hapo. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, lakini bahari haijapata habari.

"Si inakojoa? Basi inapoa." Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ule mkojo, mchirizi unaotoka nje ya mashine, ni tawi dogo tu la maji hayo. Unakuonyesha kwamba pampu inasukuma, haukuonyeshi kwamba maji yamezifikia silinda zote. Chumvi ikiganda njiani, au thamostati, valvu inayofunguka kwa joto, ikikwama imefungwa, mkojo unaweza kuendelea kama kawaida. Na kinyume chake: ukikatika, labda ni tundu lake tu limezibwa na mchanga au nyigu aliyejenga humo. Chokoa kwa kipande cha mshipi mnene.

Pampu yenyewe moyo wake ni impela, gurudumu la mpira lenye mapezi. Tope na mchanga wa maji mafupi huyasaga. Fundi akifungua akakuta mapezi mawili hayapo, akaweka impela mpya na kufunga, amefanya nusu ya kazi. Vile vipande viko wapi? Vimepanda na maji, vimekwama juu huko, pengine mlangoni mwa thamostati. Ndiyo maana unaweza kuwa na impela mpya na king'ora kilekile.

"Iwashe hapahapa mchangani, dakika moja tu, tuisikilize." Usithubutu. Impela hulainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu, sekunde chache zinatosha kuiunguza. Pipa la maji lina kazi gani?

"Ng'oa thamostati, kwetu joto." Si kweli. Mashine isiyopata joto lake huchoma mafuta vibaya na kujaza masizi. Kama unaishuku, itie kwenye sufuria ya maji uyapashe moto. Nyingi za mashine za boti hufunguka karibu nyuzi 50 au 60, kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka, badilisha.

"Imwagie maji ya bahari ipoe." Si kweli. Chuma cha moto huweza kupasuka, na waya zitakoga chumvi.

"Isuuze kwa maji matamu kila ukirudi." Kweli, dakika kumi hivi.

"Kata waya wa king'ora, kelele zitakoma." Kweli kabisa. Kwanza king'ora kinanyamaza, kisha pistoni inakwama ndani ya silinda, na mashine nayo inanyamaza.