Jinsi Swila Mkubwa wa Watamu Alivyopata Jina

Msomaji, swila akikutemea mate machoni hutaki kujua jina lake la Kilatini. Wataka maji, tena mengi, na mtu wa kukushika mkono akupeleke hospitali. Mimi pia nilidhani hivyo miaka mingi. Lakini nimesoma makala moja iliyopigwa chapa mwaka 2007 katika gazeti la elimu ya wanyama, makala inayohusu nyoka wa pwani yetu ya Kenya, na nimeona kwamba jina lile la Kilatini lina kazi katika shamba la mkulima, hata kama mkulima mwenyewe hatalitamka maisha yake yote.

Kwanza nikueleze kilichonifanya niisome. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu, kwa hiyo watu wa kwetu huniita mwalimu na huniletea karatasi zao niwasomee. Mama mmoja jirani yangu, mwenye kuku kama arobaini, aliingia bandani alfajiri kuokota mayai. Akasikia mlio kama wa kufuta jivu, na mara macho yakawaka moto. Mumewe alimwosha kwa maji ya mtungi mpaka mtungi ukaisha, kisha akamchukua kwa pikipiki mpaka zahanati. Alipona vizuri. Siku ya tatu aliniletea cheti chake. Mahali pa kuandika kilichomdhuru pameandikwa neno moja: nyoka.

Sikupendezwa na neno hilo. Mkulima akituletea bua la mahindi lililotobolewa, hatumwandikii "mdudu". Tunatazama kama ni funza wa mabua au ni kiwavijeshi, maana dawa zake na wakati wa kuitia si sawa. Basi nikauliza huku na huku kuhusu swila wa sehemu zetu, na hivyo nikafika kwenye makala hiyo.

Wenyeji wa pwani na wa nyika walimjua nyoka huyu zamani sana. Ni swila mkubwa wa rangi ya kahawia au ya zeituni, aweza kufika kiasi cha mita 2.7, naye hutema sumu. Wataalamu walimjua pia, ila walimhesabu kuwa ni swila yule yule mwenye shingo nyeusi anayeonekana katika nchi nyingi za Afrika, eti huyu wetu amebadilika rangi tu. Bwana James Ashe, aliyefanya kazi na nyoka miaka mingi katika Kenya na kuanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980, hakukubali. Alisema kwamba huyu ni mwingine. Lakini maneno ya mtu, hata awe na ujuzi namna gani, hayatoshi katika jambo hili.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kugundua mnyama ni kumwona. Kama ni kuona, babu zetu wangekuwa wamegundua wote. Katika elimu ya wanyama, mnyama huingia katika hesabu siku makala yake inapopigwa chapa. Kanuni za mataifa yote za kuwapa wanyama majina zimeanza hesabu yake mwaka 1758, mwaka lilipotoka toleo la kumi la kitabu cha Msweden Carl Linnaeus, na jina lililotangulia kupigwa chapa ndilo hushinda mengine. Mwandishi hana budi kutoa jina la maneno mawili na kueleza mnyama wake anatofautianaje na ndugu zake. Tena yampasa kumtaja mnyama mmoja, mwenye namba yake, aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Huyo mmoja ndiye jiwe la mizani. Kama vile mawe ya sokoni yanavyopimwa kwa jiwe lenye muhuri wa serikali, vivyo hivyo miaka mia baadaye mtu akibisha, ataombwa aende akamtazame yule wa ndani ya chupa ya spiriti.

Tena si kutazama kwa jicho tu. Magamba ya nyoka huhesabiwa: yanayozunguka katikati ya mwili, ya tumboni, ya chini ya mkia. Kichwa hupimwa. Siku hizi huchukuliwa pia kipande kidogo cha ngozi ili chembe za urithi zisomwe. Na makala ikishaandikwa, mhariri haipeleki kwa mpiga chapa papo hapo. Huipeleka kwa wataalamu wengine, kwa kawaida wawili au watatu, waisome bila malipo na kutafuta makosa. Nayo hurudi kwa mwandishi imejaa alama, kama daftari la mtoto wa darasa la nne, naye huanza tena. Kazi hii yaweza kuchukua miezi, pengine hata miaka.

Makala ya swila wa Watamu iliandikwa na watu wawili, Wolfgang Wüster wa chuo kikuu cha Bangor, Wales, na Donald Broadley wa Zimbabwe, mtaalamu mkubwa wa nyoka wa Afrika aliyefariki mwaka 2016. Ilitoka mwaka 2007 katika gazeti la Zootaxa, linalotolewa New Zealand tangu mwaka 2001. Chembe za urithi zilionyesha kwamba swila wetu wa kahawia hakuwa hata ndugu wa karibu zaidi wa yule wa shingo nyeusi. Alikuwa karibu zaidi na swila wa Msumbiji. Wakampa jina Naja ashei, kwa heshima ya Bwana Ashe. Yeye mwenyewe hakuliona jina hilo likipigwa chapa, kwa kuwa alifariki mwaka 2004. Mwaka huo huo swila mmoja wa shamba lake alikamuliwa sumu ya mililita 6.2 kwa mara moja tu, kiasi kikubwa sana kwa nyoka yeyote.

Sasa utaniuliza, jina hilo lilimfaa nini mama wa kuku? Nitakujibu. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kupigana nayo, kisha kinga hiyo hutolewa katika damu na kutiwa chupani. Dawa hiyo hufanya kazi juu ya sumu ambazo farasi yule alizizoea, na sumu zinazofanana nazo. Ndiyo maana karatasi iliyo ndani ya sanduku la dawa hutaja majina ya nyoka, nayo hutajwa kwa Kilatini. Nyoka wawili wakiitwa kwa jina moja, hakuna anayejua kwamba kuna sumu ya pili inayohitaji kupimwa. Walipotenganishwa, kazi ilianza: mwaka 2018 wataalamu wa Poland na Slovakia walipiga chapa makala ya kuchambua vitu vilivyomo katika sumu ya Naja ashei, na wengine wameendelea kutoka hapo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya juu ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo 2030. Mpango kama huo hauwezi kwenda kwa vyeti vilivyoandikwa "nyoka".

Kazi ya kuandika wanyama wa kwetu si ya jana. Chama cha kuchunguza viumbe vya Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka 1909, na gazeti lake limekuwapo tangu 1910, ingawa limebadilishwa jina. Kijana mmoja Mwingereza, Arthur Loveridge, alifika Nairobi mwaka 1914 kutunza jumba la makumbusho la chama hicho. Baadaye alikwenda Tanganyika, kisha Marekani katika chuo kikuu cha Harvard, na mwaka 1957 alitoa orodha ya watambaao na vyura wote wa Afrika Mashariki waliojulikana wakati huo. Orodha hiyo husomwa bure leo kwa intaneti. Nimeifungua kwa simu yangu. Ni ndefu na kavu kama daftari la hesabu za chama cha ushirika, lakini kila mstari ni mnyama ambaye mtu alitembea kwa miguu kumtafuta. Lugha yetu nayo imeingia katika magazeti hayo. Mwaka 2006 wataalamu walipotenga jamii moja ya vinyonga wa milima ya Afrika, waliipa jina la Kilatini Kinyongia, kwa sababu Waswahili huita kinyonga. Baadhi yao wako katika vilima vya Taita.

Wala si habari ya nyoka na vinyonga tu. Chura naye huweza kuokolewa na makala. Katika maporomoko ya mto Kihansi, Tanzania, mwaka 1996 alionekana chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, anayeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko yale na si penginepo popote duniani. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu yake. Makala iliyompa jina ilipigwa chapa katika gazeti la chama cha Afrika cha elimu hii, na kichwa chake chenyewe kilitangaza kwamba chura huyo yumo katika hatari kubwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yakapungua, lakini tayari alikuwa na jina na watetezi. Vyura 499 walichukuliwa kwa ndege mpaka New York. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hakuna aliyebaki porini. Mwaka 2012 watoto na wajukuu wa wale 499 wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako mabomba ya kunyunyiza maji yalikuwa yamewekwa. Chura asiyeandikwa angekwisha, na hakuna ambaye angejua kwamba kuna kilichopotea.

Nisikudanganye kwamba kila kinachopigwa chapa ni cha kuaminiwa. Kanuni zile za majina zadai makala ipigwe chapa. Hazidai isomwe kwanza na wataalamu wengine. Mtu mwenye mashine yake ya kupiga chapa aweza kutoa gazeti lake mwenyewe na kugawa majina kama peremende. Jambo hilo limetokea, huko Australia, na hata kundi la swila wetu watemao lilipewa jina kwa njia hiyo mwaka 2009. Mwaka 2013 wataalamu wengi wa watambaao walikubaliana wasiyatumie majina ya namna hiyo. Shauri likafika kwa tume ya majina ya wanyama, na uamuzi wake wa mwaka 2021 haukuyafuta. Kwa hiyo ugomvi ungaliko. Waweza kuucheka, lakini fikiri daktari na mtengeneza dawa wakitumia vitabu viwili vyenye majina mawili ya nyoka mmoja.

Nina lalamiko langu pia. Makala nyingi kuhusu nyoka wa mashamba yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na baadhi yake huwezi kuzisoma bila kulipa fedha ambazo zingenunua mfuko wa mbolea. Sioni sababu mtabibu wa zahanati anayeshughulika na jicho lililotemewa akose kurasa mbili za Kiswahili zenye picha nzuri ya swila huyo.

Wakati tunazingoja kurasa hizo, fanya hivi. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji safi mengi, dakika kumi na tano au zaidi, asisugue, kisha apelekwe kwa mtabibu. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, alazwe, asitembezwe, naye apelekwe hospitali upesi iwezekanavyo. Usimchanje, usimfunge kamba, usimwekee jiwe jeusi. Saa moja ya jiwe jeusi ni saa moja iliyoibwa. Usimfukuze nyoka ili kumtambua, wala usishike aliyekufa, maana kichwa chake chaweza kuuma bado. Ukiweza kumpiga picha kwa simu ukiwa mbali, vema. Usipoweza, kumbuka rangi ya mgongo na ya shingo, urefu, mahali, na saa, na uombe mwenye kuandika cheti aandike hayo yote. Picha yenye tarehe na mahali huwafaa sana wataalamu wa makumbusho ya Nairobi, kwa kuwa ramani za nyoka hutengenezwa kwa habari kama hizo.

Yule mama nilimwonyesha picha ya swila wa kahawia. Aliitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, nadhani ndiye, lakini bandani kulikuwa na giza." Basi nyuma ya nakala ya cheti chake nimeandika hivyo hivyo: banda la kuku, saa kumi na moja alfajiri, rangi kama ya kahawia, giza, hakuonekana shingo.