Anza kukimbia, ila usikimbizwe na saa

Alikuja kliniki akichechemea, baba wa miaka 46 anayeishi Kilwa Masoko. Alikuwa amenunua saa ya mazoezi, akaanza kukimbia kilomita 3 kila alfajiri baada ya swala. Wiki ya tatu aliruka hadi kilomita 8. Kesho yake mfupa wa muundi ukauma, lakini aliendelea kwa sababu saa ilimwonyesha kuwa bado hajatimiza lengo la wiki.

Mfupa ulikuwa umepata ufa mdogo. Tulipompima presha, tukakuta 168/104. Hakuwa na habari.

"Daktari, mbona saa ilisema moyo wangu uko sawa?" aliniuliza.

Saa ilihesabu mapigo ya moyo, baba. Presha haikuipima.

Ndugu msomaji, simkatazi mtu kukimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi mazito. Tatizo ni haraka. Moyo na mapafu huzoea mbio ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana unaweza kujisikia una nguvu huku mfupa unaelemewa.

Kama una zaidi ya miaka 40, au una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, pimwa kwanza. Kisha anza siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Wiki mbili za kwanza, tembea dakika 4, kimbia dakika 1, urudie mara sita. Wiki mbili zinazofuata, tembea 3, kimbia 2. Endelea hivyo hadi uweze kukimbia nusu saa bila kusimama. Kasi iwe ile inayokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, punguza.

Ukishafika hapo, usiongeze umbali kwa pupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulionyesha kuwa hatari ya kuumia hupanda pale mbio za siku moja zinapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 umbali mrefu uliokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Kwa hiyo, kama umbali wako mrefu ni kilomita 5, safari ijayo isizidi 5.5. Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu Tokyo mwaka 2025. Kati ya medali hizo ipo miaka 8.

Kwetu pwani, joto na unyevu huchosha mwili mapema, hasa msimu wa kaskazi. Kimbia alfajiri au jioni, na mwili upe wiki mbili kuzoea. Ufukweni, subiri maji yakitoka, upite kwenye mchanga mgumu. Mchanga laini huvuta sana kano ya kisigino. Ukikimbia kando ya barabara ya Nangurukuru, kaa upande wa kulia ili uyaone magari na bodaboda zinazokujia.

Na saa je? Anayeanza anatosheka na saa ya kawaida yenye dakika. Ukitaka kununua saa ya mazoezi, tazama mambo manne: inapima umbali yenyewe kwa setilaiti au inategemea simu, chaji inakaa siku ngapi, inastahimili jasho na maji, na maandishi yanasomeka juani. Ivae ikiwa imebana kiasi, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Ikilegea, taa yake huhesabu mapigo vibaya. Hata saa inayodai kupima presha isikuzuie kwenda kupimwa kwa mashine ya kufunga mkononi.

Wazazi, mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa saa moja ya kucheza na kukimbia kila siku. Rede na mpira vinatosha. Saa si lazima. Ila mwenye siko seli au pumu azungumziwe na daktari na mwalimu wake, anywe maji ya kutosha, na aruhusiwe kupumzika anapochoka bila kuitwa mvivu.

Ukibanwa kifua, ukipata kizunguzungu, ukizimia, au pumzi ikikata kuliko kawaida, simama na uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama saa inakupongeza. Maumivu ya mfupa sehemu moja, yanayozidi kila ukikimbia, nayo yanataka daktari.

Yule baba amepumzika wiki nane na anatumia dawa za presha. Sasa ameanza upya: dakika 4 kutembea, dakika 1 kukimbia. Saa bado anaivaa, ila siku hizi akisikia maumivu, husimama.

Tukutane wiki ijayo.