Bustani Iliyo Chini ya Maji: Kutoka Tuala Hadi Wasini



Huku Tuala, Kajiado, ninakosomesha chuo, bahari ni hadithi tu. Watoto wetu tuliohamia kutoka pwani wanajua vumbi, ng'ombe wa jirani zetu Wamaasai na ukame. Jioni moja tulidurusu Surat an-Nahl, mahali inapotajwa bahari kutiishwa kwa ajili ya wanadamu. Binti yangu akauliza, "Baba, wewe umeona nini huko chini ya maji?" Nikanyamaza. Nimezaliwa pwani, nimekula riziki ya bahari zaidi ya miaka hamsini, wala sijapata kuchungulia ndani yake.

Likizo ilipowadia tulipanda treni Athi River hadi Miritini, tukavuka Likoni, tukashika barabara ya kusini hadi Shimoni, kisha mashua mpaka Wasini. Kisiwa hicho hakina magari. Linalosikika ni adhana na mawimbi. Kinamama wa kijiji wana njia yao ya mbao ipitayo kati ya mikoko na miamba ya kale ya matumbawe, na ada ya mgeni huwafaa wao wenyewe.

Mbele ya kisiwa iko Hifadhi ya Bahari ya Kisite, kilomita za mraba 28, iliyotangazwa mwaka 1978. Humo uvuvi umepigwa marufuku. Nakiri kwamba nilisita kwa sababu ya stara. Mama yake ndiye aliyetoa rai: tukakodi mashua ya familia peke yetu, binti akavaa vazi la kuogelea lenye kumsitiri, na sote tukavaa maboya. Kwa miwani na mpira wa kupumulia tuliinamisha nyuso majini. Wanaotaka kuzama na mtungi wa hewa hufunzwa kwanza na mkufunzi, na kanuni kuu ni kutozuia pumzi, kwani mtu apandapo juu hewa hutanuka na yaweza kuyapasua mapafu.

Subhanallah! Pono walikuwa wakiguguna miamba, kasa akapita taratibu kama mzee atokaye msikitini. Lakini palikuwa na mahali peupe, pakavu wa rangi. Nahodha akatueleza kuwa tumbawe si jiwe tupu, bali ni makazi ya vijidudu hai. Maji yakizidi joto hupoteza mimea midogo inayowalisha, wakapauka. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu.

"Kumbe bahari nayo ina ukame," binti akasema.

Neno hilo nimerudi nalo Tuala. Mtu hachungi amana asiyoijua. Basi tuwafunze watoto wetu kuogelea, wa kike kwa wa kiume, kwa stara na usalama. Na tukifika huko, tusikanyage tumbawe wala tusiokote kombe. Tuwaachie wajukuu nao waone.

Wabillahi tawfiq.